Dungu la Shemeji

Cutler Run, Pennsylvania
12 Januari 1997

Mdogo wangu Delmar,

Kadi yako ya Krismasi ilifika tarehe tatu, imechelewa kama ulivyochelewa mwenyewe kuzaliwa, na Mama ameiweka juu ya redio ili wageni waione. Mama hajambo. Anakula, anagombana na daktari, na Jumatano aliniuliza mara nne kama umeshaoa. Mara tatu nilimwambia bado. Ya nne nikamwambia ndiyo, nipumzike. Kwa hiyo akikuandikia, mkeo anaitwa Sue na ni mpole. Theluji imefika kwenye madirisha. Siku ya mwaka mpya tulikula nguruwe na kabichi chachu kanisani, nami nilileta yale mayai yangu ya siki, yakaisha kabla mchungaji hajafika.

Sisi hatujambo, isipokuwa yule asiyejambo. Nilikupigia simu tarehe mbili Desemba, na unajua kwetu simu ni ya misiba tu, ukasema "Nimesikia, dada," ukakata. Sijui ulisikia nini, basi nakueleza upya.

Ilikuwa Jumatatu ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu. Shule zimefungwa, karakana zimefungwa, wanaume wote wameingia msituni na chupa zao za kahawa. Lile dungu la chuma la kuvizia wanyama, ulilomletea shemeji yako Clyde Krismasi ya mwaka juzi, alikuwa amelifunga kwenye mwaloni wa baba yake, futi ishirini kutoka chini. Akapanda ngazi, akakanyaga bamba la miguu, mkanda wa usalama ukiwa mkononi mwake, anautafutia mti aufunge. Chuma kikaachia pale kilipochomelewa. Alilala juu ya ardhi iliyoganda kwa muda wa saa mbili mpaka jirani aliposikia anaita.

Alhamisi wamemrudisha nyumbani. Kuanzia kiunoni kwenda chini hana habari. Wanaume wa kanisani wametujengea njia ya mbao ya kupandishia kiti cha magurudumu, na mlango wa bafu wameung'oa kwa sababu kiti hakipiti. Tumeweka pazia. Delmar, unamjua Clyde, mtu anayefunga mlango hata akivua soksi. Sasa anaogeshwa nyuma ya pazia la maua, na mimi ndiye ninayemwogesha, na wala hatutazamani.

Hukuja, na hukuandika zaidi ya kadi. Nimejiambia ni kazi. Sasa kuna jambo dogo tu nalitaka kwako. Wakili amekuja kutoka mjini, mwanamke, Bi Abelson, anasema watengenezaji wa dungu hilo wana la kujibu. Najua kiwanda chao ndicho kinachokulisha, na nakuonea huruma. Lakini anataka risiti. Ulituambia umelinunua jipya dukani huko huko Alabama, kwa punguzo la wasimamizi. Itafute uitume.

Clyde anakusalimu. Anasema safari hii ukileta zawadi ilete ya kukalia chini.

Dada yako,
Verna


Tupper, Alabama
23 Februari 1997

Dada Verna,

Shikamoo yako, na ya Mama umfikishie. Mwambie Sue ni mzima na anampenda sana. Huku miti ya mipea imeshatoa maua, harufu yake mbaya, sijui kwa nini watu wanaisifu. Goti langu limerudia mambo yake. Gari nimelibadilisha breki. Katika kifurushi utakuta kokwa za pekani za Mama, nimezimenya mwenyewe kwa sababu ya meno yake, na mto wa kukalia kwa ajili ya Clyde. Mwuzaji amesema mto huo unazuia vidonda vya kukaa sana. Sijui kama ni kweli.

Nasikitika sana kwa yaliyompata shemeji. Nimejaribu kuandika hayo mara kadhaa na kila mara yalitoka vibaya, ndiyo maana nimekawia.

Kuhusu risiti, dada, unanijua, mimi na karatasi hatupatani. Nimetafuta kwenye droo na ndani ya gari. Na lile duka nadhani walishahama. Sitaki mjenge kesi juu ya kitu ambacho huenda hakipo.

Naomba niulize maswali, si kwa ubaya. Hilo dungu liko wapi sasa hivi? Mmelitupa? Na Clyde alizikagua kamba kabla ya kupanda, maana wapo wanaoyaacha madungu yao mtini tangu kiangazi, jua linakula kamba. Na huo mkanda, kwa nini hakuufunga mapema? Kwenye kila boksi tunatia karatasi ya maelekezo kuhusu mkanda. Nauliza tu, kwa sababu ndivyo watakavyouliza wao.

Mbusu Mama.

Ndugu yako,
Delmar


Cutler Run
9 Machi 1997

Delmar,

Mama anakushukuru kwa pekani. Amezificha chini ya kitanda, eti nesi ni mwizi. Tumeanza kugema utomvu mtamu wa miti na kuuchemsha, jiko lote ni mvuke na sukari, sakafu inanata. Mto umefika. Clyde anaukalia.

Maswali yako nilimsomea kwa sauti, baadaye nikajuta. Alisema, "Mwambie shemeji kwamba mkanda nilikuwa nao mkononi, na mti nilikuwa naufikia kwa kidole hiki." Akaninyooshea kidole. Kisha akaomba viatu vyake. Hilo sikukuambia. Kila Jumamosi bado anapaka viatu rangi kwa ajili ya kanisani, kama miaka yote, ingawa sasa havikanyagi chochote. Namletea kopo na kitambaa, naondoka chumbani.

Dungu halijatupwa. Lipo ofisini kwa Bi Abelson, ndani ya kabati lenye kufuli, limefungwa kikaratasi chenye jina letu. Amelipeleka kwa mtaalamu wa vyuma. Mtaalamu anasema kiungo kilichoachia kilikuwa kimeshikana juu juu tu, kama bahasha iliyolambwa haraka. Kamba ni nzima. Kwa hiyo hayo ya kamba na jua yaache.

Sasa nisikilize. Kampuni imejibu. Inasema dungu lenye namba iliyo kwenye letu halikuuzwa kamwe. Vitabu vyao vinaonyesha kwamba lilikataliwa mwezi Novemba 1995 na likakatwa vipande. Kwa hiyo ama tumebandika namba ya uongo au tumeliokota jalalani. Barua yao imetumia maneno "kujipatia isivyo halali." Clyde Gressler, aliyerudi dukani maili kumi na moja kurudisha senti sitini walizomzidishia, ameitwa mwizi kwenye karatasi yenye muhuri. Siku hiyo hakula.

Wewe peke yako ndiye unayeweza kuwafunga midomo. Bi Abelson anataka useme kwa kiapo, mbele ya mawakili wa pande zote, kwamba ulilinunua dukani. Basi. Risiti si lazima kama upo wewe, msimamizi wa zamu. Anasema pia tusiandikiane mambo ya kesi, kwa sababu upande wa pili unaweza kuzidai barua zetu. Nimemwambia familia yetu haijui kuongea bila karatasi.

Nijibu upesi.

Verna


Cutler Run
4 Mei 1997

Delmar,

Hatujambo. Nimekuandikia mara mbili tangu Machi na sanduku la barua linaleta matangazo ya mbegu tu.

Ijumaa nilifanya jambo ambalo sijawahi kufanya, nilipiga simu na hakuna aliyekufa. Nilipiga kiwandani. Nikaomba kuzungumza na msimamizi Delmar Hauck. Yule mwanamke akasema hapa hakuna msimamizi wa jina hilo. Nikasema angalia vizuri, ni ndugu yangu, ana miaka sita kwenye cheo hicho. Akasema, "Mama, kuna Del wa chumba cha rangi, ndiye huyo?" Nyuma yake mtu akacheka. Nikasema samahani, nimekosea namba.

Kwa miaka sita Mama amekuwa akiwaambia wanawake wa kanisani kwamba mwanawe ni msimamizi huko kusini. Hata mimi nimewaambia. Uso ulinichoma nikiwa peke yangu jikoni.

Sikuulizi kwa nini ulidanganya kuhusu cheo. Nakuuliza lingine, na unajua ni lipi.

Verna


Tupper
18 Mei 1997

Dada,

Shikamoo. Kama Clyde yuko chumba ulichomo, toka kwanza. Na ukimaliza kuisoma, ichome.

Mimi si msimamizi, sijawahi kuwa. Mwaka wa kwanza waliniambia huenda, nikaandika nyumbani kwamba tayari, na baada ya hapo sikujua pa kurudia. Napuliza rangi ya kahawia kwenye madungu. Na Ijumaa mchana nashika msumeno.

Hiyo kazi ya msumeno ndiyo nataka uielewe. Dungu likitoka kwa wachomeleaji, mkaguzi hugonga kila kiungo kwa nyundo ya mbao na kusikiliza. Kiungo kizuri hulia. Kibovu hunyamaza. Kikinyamaza, anachovya kidole kwenye rangi nyekundu na kupaka pale pale, anaandika daftarini kwamba limekatwa, kisha analitupa kwenye kizimba cha nyuma. Ijumaa nayakata mimi, vipande viwili viwili, yasifae tena. Umeona? Linaandikwa limekatwa kabla sijaligusa. Kila mtu wa zamu yetu anajua hilo. Kizimba hakina kufuli. Watu huja na kuniambia, "Del, hilo la pembeni usilikate, lina ubaya gani?" Nami nasogea. Msimamizi wetu huwa anatazama dirishani mpaka wapakie.

Lile la Clyde nililichukua mwenyewe. Alama nyekundu niliipulizia kahawia juu, mara mbili, nikatafuta boksi jipya na karatasi ya maelekezo. Sikulichukua ovyo, dada. Nililining'iniza kwenye boriti nikalirukia mara tatu, mimi mwenye ratili mia mbili, na halikutikisika. Nikasema mkaguzi alikuwa na usingizi siku ile. Nikasema maneno ya Baba.

Unakumbuka ngozi za kiwanda alichofanyia kazi Baba. Zilizochorwa chaki nyekundu ndizo alizoruhusiwa kuja nazo nyumbani, na viatu vyetu vyote vya shule vilitoka humo. Baba alikuwa akisema hazina kasoro, kasoro iko machoni mwa mkaguzi. Nimekua najua kwamba alama nyekundu maana yake ni kitu cha watu kama sisi. Ndivyo nilivyofikiri nikiwa na dungu mkononi. Naapa sikufikiri mti wala futi ishirini.

Kwa nini nilitaka kumpa kitu kikubwa hivyo, utakumbuka pia. Siku ya Mama kutimiza sabini na tano, mezani, watu wote wapo, Clyde alisema, "Ukarimu wote wa shemeji unaenea kwenye bahasha moja." Mlicheka, nami nilicheka. Ni utani wa mashemeji na sina kinyongo. Lakini mwezi ule sikuwa na kitu, na nilitaka mara moja nije na zawadi ya kubebwa na watu wawili.

Simu yako ya Desemba ilipokuja nilijua kabla hujamaliza kusema. Ndiyo maana nilikata upesi.

Sasa fanya utakavyo. Ukitaka niape kwamba nililinunua, nitaapa. Nitataja na duka. Sema wewe, mimi nitalifuata neno lako.

Delmar


Cutler Run
15 Juni 1997

Delmar,

Leo sina salamu.

Barua yako niliisoma kwenye stoo ya chakula, nimesimama kati ya mitungi, na nilikaa humo mpaka Clyde akaita kuuliza kama nimefungiwa. Sikuichoma. Clyde sijamwambia. Mwezi mzima namwogesha, namgeuza, namlisha, na sijamwambia.

Nilikuwa nimeandika kurasa tatu za kukutukana, zilikuwa nzuri, nikazitia jikoni motoni. Sina haki ya kuzituma, na nitakuambia kwa nini.

Asubuhi ile ya Krismasi, Clyde alipokuwa nje anasukuma theluji, mimi ndiye niliyelitoa dungu kwenye boksi. Kwenye kona ya kiungo rangi ilikuwa imevimba kidogo. Nikaikwaruza kwa ukucha, ikabanduka, na chini yake nikaona nyekundu. Mimi pia ni mtoto wa Baba, Delmar. Sikuhitaji kuelezwa. Nilijua umetuletea kilichokataliwa.

Sikufikiri kwamba litavunjika. Nilifikiri kwamba Clyde atacheka. Nilimsikia kabisa akisema mezani kwamba shemeji amehama kwenye bahasha akahamia jalalani, na nikakuona wewe umeinamia sahani. Nikakuonea aibu, na nikajionea aibu, kwa sababu ni nyumba yetu ndiyo iliyotufundisha kuvaa alama nyekundu. Nikachukua kopo la Clyde la rangi ya viatu, ya kahawia, nikaipaka pale kwa kidole, nikasugua mpaka ikang'aa sawa. Ilitaka nyingi. Clyde alipoingia alilisifu. Aliliinua, akasema, "Sasa huyu ndiye shemeji."

Kwa hiyo wewe uliificha alama mara moja na mimi nikaificha mara ya pili. Na mimi nilikuwa ndani ya nyumba moja naye mwaka mzima. Nilimfungia sandwichi asubuhi ile.

Umeniambia niseme neno. Haya. Sema ulilinunua. Nataka Clyde apate bafu lenye mlango. Nataka apate mtu wa kumwogesha asiye mke wake. Nataka wale watu wafute neno mwizi. Sipendi ninachokuomba na nisingependa Mama ajue kwamba nimekiomba, lakini ndicho ninachokuomba. Wanakuita tarehe ishirini na nane Agosti, huko huko kwenu.

Verna


Tupper
7 Septemba 1997

Dada Verna,

Shikamoo, na Mama mbusu. Joto la huku halipungui. Nimehamia chumba kidogo juu ya duka la vyombo vya uvuvi, anwani mpya iko nyuma ya bahasha. Chumba cha rangi walinitoa siku ile ile niliyoapa, wakanipa mwavuli wangu na kikombe.

Nimechelewa tena, lakini safari hii ilikuwa siku kumi tu.

Walitukutanisha kwenye chumba cha mikutano cha maktaba, meza ndefu, mawakili watano, mwanamke mmoja anachapa kila neno. Nilikwenda nikiwa tayari kulifuata neno lako. Jina la duka nililiandika kiganjani kwa kalamu. Bi Abelson akaniuliza kwa upole, akijua atakachojibiwa, "Bwana Hauck, dungu hili ulilipata wapi?" Nao wakalitoa kwenye turubai wakaliweka mbele yangu.

Dada, niliijua kazi ya mkono wangu. Mpulizo wangu huwa unaanzia kushoto. Na mahali chuma kilipoachia, ndani ya ule ufa, ile nyekundu ilikuwa bado mbichi kwa macho, kama jana. Jina la duka lilikuwa linasomeka kiganjani. Nikashindwa. Niliwaambia kizimba, daftari, msumeno, kila kitu, na nikataja ninaowakumbuka waliochukua mengine. Ni madungu kumi na moja. Yapo mitini, na msimu unakuja. Nisingeweza kuliapia la kwako nikanyamaza juu ya yale. Bi Abelson alinitazama kama mtu aliyeangushiwa sahani, kisha akaendelea kuandika. Ya kizimba kisicho na kufuli aliniuliza mara tatu, na mawakili wa kampuni kila mara wakapinga.

Halafu wakaniuliza wao. Walikuwa na mtaalamu wao, na juu ya rangi yangu amekuta nta. Nta ya viatu. Wakauliza, nani kaipaka? Nikasema ni mimi. Aina gani? Kahawia, ya kopo, sikumbuki jina. Kuna yeyote katika familia aliyejua kabla ya ajali? Nikasema hakuna. Limeandikwa, nimeapa, na nimetia sahihi.

Hilo moja ni langu, Verna. Liache lilivyo. Nimekuvunjia kesi, niachie angalau hilo.

Clyde sijamwandikia. Nimekaa mara nyingi na karatasi na sina uso wa kuanzia.

Delmar


Cutler Run
12 Oktoba 1997

Mdogo wangu,

Natumaini chumba chako hakinuki samaki sana. Mama ameshuka kidogo, analala mchana, lakini Jumapili aliamka akamwulizia Sue. Majani yameanguka karibu yote. Watu wameanza kusafisha bunduki, na dukani wanaume wanasimama kimya nikiingia.

Hilo moja lako sikuliacha, na nakuambia mapema ili usiendelee kusoma ukitumaini.

Jumamosi ya mwisho ya Septemba nilimpelekea Clyde kopo na kitambaa kama kawaida, na sikuondoka. Nilikaa ukingoni mwa kitanda, nikamweleza. Kwanza lako, alishalijua kwa Bi Abelson, alilipokea akitazama ukuta. Kisha langu. Ukucha, nyekundu, kopo. Hakuacha kupaka kiatu. Alikimaliza kimoja, akakiweka chini, akashika cha pili. Akasema, "Ndiyo maana Krismasi ile kopo lilikuwa tupu. Nilikwenda kanisani na viatu vikavu, nikakuuliza, ukasema panya." Ni kweli nilisema panya. Nilikuwa nimesahau.

Siku tisa hakuniambia kitu ila "maji" na "nigeuze". Nilimwogesha, naye alifumba macho. Sijawahi kuona aibu ya namna ile, wala sidhani kama nilistahili kuona ndogo zaidi.

Siku ya kumi nilikwenda mjini kwa Bi Abelson na barua zako zote, na nikamwambia za kwangu unazo wewe, umpelekee. Alizisoma mbele yangu. Alipofika kwenye rangi ya viatu akavua miwani, akakaa nayo mkononi. Akasema sasa nitaapishwa na mimi, na kwamba wewe utaitwa tena kulirekebisha lile moja, na ni heri uje mwenyewe kabla hawajakuita. Nikamwuliza kama kesi imekufa. Akasema haijafa, kwa sababu kitu kilichopakwa nyekundu hakikutakiwa kuwa na njia ya kutokea getini, na kampuni inalijua hilo na imeanza kuwatafuta wenye yale madungu kumi na moja. Lakini akasema fidia itapungua, na sehemu itakayopungua ni ile ya kosa letu sisi wawili, mimi na wewe, na baraza la raia mahakamani litaikata mbele ya watu. Neno mwizi wamelifuta kwa Clyde. Sasa linatutafuta sisi.

Mlango wa bafu bado ni pazia.

Jana jioni, wakati wa kula, Clyde aliweka uma chini. Akasema, "Mwandikie ndugu yako aje kabla ya msimu." Nikamwuliza aje kufanya nini. Akasema, "Aje anitazame." Alirudi kula, akala kidogo, kisha akaongeza neno moja, akaniambia niliandike kama alivyolisema, nami naliandika.

"Mwambie asilete kitu."

Dada yako,
Verna